Fundo la Mwisho

Mwalimu Onitsuka alihesabu sindano mara mbili,
kabla ya somo na baada ya somo.
Thelathini na mbili zikitoka,
thelathini na mbili zirudi,
kila moja imesimama kwenye mto wake mwekundu
kama askari aliyekatazwa kukohoa.

Alhamisi ile zilirudi thelathini na moja.

Tukainama, darasa la tano zima.
Mvunguni tulipata ganda la penseli,
jino la mtu,
sarafu ya yeni tano yenye tundu katikati;
kila chenye tundu tulikipata, ila sindano.
Kengo aliburuta sumaku sakafuni mpaka ukutani.
Nami niliinama, nikatafuta kwa bidii
kitu nilichokichomeka mwenyewe kwenye pindo la sketi yangu.

Si kwamba kwetu hakukuwa na sindano.
Baba alikuwa fundi wa mikeka ya tatami,
nyuma ya stesheni ya Yatsushiro,
na sindano zake zilipita urefu wa kiganja changu,
nene kama misumari.
Alizisukuma kwa ngozi aliyojifunga mkononi,
akauvuta uzi kwa kiwiko,
mkeka ukalia kidogo, kwii, ukanyamaza.
Lakini mpe kifungo cha koti!
Tangu Mama ahamie Osaka
koti lake la kazi lilifungwa kwa waya.

Usiku nikaitoa sindano ya wizi.
Nilikuwa nimefundishwa mambo matatu tu:
kutunga uzi, kupiga bandi, kupiga fundo.
Fundo la mwanzo halikunisumbua:
zungusha kidoleni, sugua, vuta.
La mwisho ndilo lililonishinda.
Siku zote lilikaa mbali na kitambaa,
likining'inia
kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado yuko mlangoni.

Nilishona. Nilishona kweli kweli.
Juu, chini, mara kumi na tisa,
nikakata uzi kwa meno
(Mwalimu amekataza meno).

Asubuhi Baba akavaa, akafunga, akasema, "Ee."
Kisha akapeleka mkono mfukoni.
Uliingia nusu.
Akajaribu tena, polepole,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.
Nilikuwa nimekamata kifungo, koti na tumbo la mfuko
kwa uzi mmoja,
pamoja na kitu kilichokuwa kimelala ndani.

Hakunigombeza.
Aliketi, akageuza ubavu wa koti,
akaligusa fundo langu kwa ukucha. Likacheza.
"Hili linaning'inia," alisema.
Akachukua sindano yake ile ya msumari, akanionyesha:
ilaze pale pale uzi unapotokea,
ikandamize kwa dole gumba,
zungusha mara tatu,
vuta, na usiachie.
"Ukiachia mapema, fundo hukimbia.
Ukichelewa, chai hupoa."
Chai yake ilikuwa imeshapoa.
Fundi akanifunda fundo, na basi la shule likanipita.

Hakuuliza ile nyembamba nimeipata wapi.
Aliitia kwenye kibiriti kitupu,
akanikabidhi kwa mikono miwili.
"Hii ina kwao."

Mwalimu alihesabu: thelathini na mbili.
Akanitazama dole gumba, lililojaa matundu,
akahesabu tena, safari hii akianzia kwangu,
akafunga daftari.

Koti sasa liko kwangu.
Kola imeisha, viwiko vimetoboka,
kifungo hakijatikisika.
Nikibonyeza mfuko, kitu kinachakarika:
karatasi ya sigara, risiti ya nyasi za igusa,
au tiketi ya treni ya kwenda Osaka
ambayo hakuna aliyeipanda.
Mkasi ninao, na mkono unajua.
Kufumua nako tulifundishwa, muhula wa pili.
Kwa koti hili,
muhula wa pili haujafunguliwa.